Nakala Isiyojaza Pengo

Disketi ya kawaida ya Apple II ina njia 35, kila njia sekta 16, kila sekta baiti 256. Zidisha, unapata baiti 143,360. Kwa miaka mingi taswira ya disketi hiyo ilikuwa faili la ukubwa huohuo: data imechotwa sekta baada ya sekta, mengine yote yametupwa. Kwa barua na hesabu za duka ilitosha. Kwa michezo ya miaka ya 1980 haikutosha, maana watengenezaji wengi walificha kinga dhidi ya wanakili humohumo kwenye yanayotupwa: katika mianya kati ya sekta, katika mpangilio wa njia, katika biti zisizotulia.

Hizo biti zisizotulia ndizo zilizonifanya niliheshimu umbizo la WOZ, alilolitoa John K. Morris mwaka 2018. Sehemu ya disketi huachwa bila mageuko yoyote ya sumaku. Kichwa cha kusomea kikipita hapo, chipu ya MC3470 iliyomo kwenye kiendeshi hukosa ishara, ikazidi kujiongezea nguvu, kama mtu anayepandisha sauti ya redio isiyoshika stesheni, mpaka inaokota mikwaruzo na kuipitisha kama data. Kila usomaji huleta jibu jipya. Mchezo husoma mara mbili. Majibu yakilingana, umekwisha kujua kwamba hii ni nakala, na unagoma.

Mnakili mwenye haraka angeandika mikwaruzo aliyoipata siku ile. WOZ inataka ziandikwe sufuri: pasipo na kitu pabaki hivyo hivyo, na programu inayoigiza mashine ndiyo ibahatishe biti papo hapo. Kilichomo kwenye disketi hakichanganywi na kilichozuliwa na kifaa. Huo kwangu ni uaminifu wa fundi.

Tena tazama faili linavyoanza. Baada ya herufi WOZ na tarakimu ya toleo inakuja baiti FF, kisha 0A 0D 0A. Programu iliyosafirisha faili ikikata biti ya nane, FF itaisema. Ikigeuza alama za mwisho wa mstari kana kwamba ni maandishi, hizo tatu zitaisema. Kisha kuna CRC32 ya kuhakiki yote yanayofuata. Aliyeandika haya alimfikiria mtu asiyemjua, atakayelifungua faili baada ya miongo.

Ninachowasihi wanaohifadhi ni wasiishie hapo. Wasome kwanza mageuko yenyewe ya sumaku, kwa vifaa kama Applesauce au Greaseweazle, na rekodi hiyo ghafi waiweke pamoja na WOZ, hata ikiwa kubwa. Kinga ambayo leo imetushinda inaweza kuwamo ndani yake, na disketi huenda isisomeke mara ya pili.