Hongera, Mkufunzi wa Kiwandani

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, Kwale nchini Kenya, kilipofungwa 1988, ujuzi ulitawanyika na mafundi wake. Baadaye kampuni ya sukari ya KISCOL ikajenga kinu kipya huko huko Kwale. Mitambo hununuliwa, mpishi wa sukari hufundwa. Basi pongezi zangu namtumia fundi anayemwonyesha kijana kuchota shira inayochemka, kuipaka juu ya kioo, kuimulika na kutazama chembe zinavyokua. Ubao na chaki havitoshi hapo! Anaonyesha, anamwachia afanye huku akieleza, kisha hurudi kumkagua. Viwanda vya Marekani vilifunza hivyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Waajiri, mnailipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi: mkumbukeni na fundi huyu.