Stanley Ni Mtoto wa Nani?

Mpanda tuna akina Stanley wengi. Tuna pia akina Wilson, Nelson, Jackson na Livingstone, na karibu wote wanayatumia kama majina ya kwanza, yale ambayo mama huita jioni akitaka mtoto arudi nyumbani. Huko yalikotoka, Uingereza na Uskoti, haya yote ni majina ya ukoo. Yalipofika kwetu yakahama nafasi, kutoka mwisho wa jina hadi mwanzo. Kisha mwenye jina akazaa, mtoto akaandikishwa shule kama Neema Stanley, na lile jina likarudi mwishoni likiwa na kazi mpya. Neema hana ukoo unaoitwa Stanley. Ana baba anayeitwa Stanley.

Nimekuwa nikisoma vitabu vinavyoniwezesha kulifuata jina hili: How I Found Livingstone cha Henry Morton Stanley, kilichotoka mwaka 1872; tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1909, miaka mitano baada ya kifo chake; na wasifu mrefu ulioandikwa na Tim Jeal mwaka 2007. Nitaongeza cha nne, kinachohusu wakimbizi wa Mishamo. Nikivisoma kwa pamoja naona jambo moja. Historia za majina ya Kiingereza hupenda kurudi nyuma hadi kijiji cha kwanza, halafu zikatulia hapo kana kwamba kazi imekwisha. Kwa jina la Stanley, kijiji cha kwanza ndicho chenye machache zaidi ya kutuambia.

Kijiji chenyewe kipo. Katika Kiingereza cha kale, stan ni jiwe na leah ni uwazi uliofyekwa msituni. Uwazi wa mawe. Mahali penye jina hilo pako Staffordshire, karibu na mji wa Leek, na familia iliyomiliki ardhi pale ikajiita kwa jina la ardhi yake. Familia ikapanda. Ilitawala kisiwa cha Man kuanzia mwaka 1405, na mwaka 1485, baada ya vita vya Bosworth, Thomas Stanley akapewa cheo cha Earl wa Derby. Karne nne baadaye watu wa ukoo huo walikuwa wameacha jina lao kwenye mji mkuu wa visiwa vya Falkland na kwenye kombe la mpira wa magongo wa barafuni huko Kanada. Wapenzi wa nasaba huishia hapo wakiwa wameridhika: jina lilianza kwenye mawe, likaishia kwenye vikombe vya fedha.

Lakini Stanley aliyepita kwetu hakuwa wa ukoo huo, wala hakuwa Mwingereza wa damu. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, na kitabu cha ubatizo cha kanisa kilimwandika John Rowlands, likafuata neno la kumtambulisha kuwa mtoto wa haramu. Akiwa na miaka sita alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph.

Tusimame kidogo kwenye jina Rowlands, maana msomaji wa Tanzania analielewa haraka kuliko Mwingereza. Kwa karne nyingi Wawelisi walimtaja mtu kwa jina lake na la baba yake, wakiyaunganisha kwa neno ap, yaani mwana wa. Mtoto wa Rowland alikuwa ap Rowland, na mjukuu alichukua jina jingine kulingana na baba yake. Ni sawasawa na bin yetu, ile iliyotupatia neno ubini. Baada ya Wales kuunganishwa na Uingereza kisheria kati ya mwaka 1536 na 1543, mahakama na ofisi zilitaka jina lisilobadilika, na taratibu ap ikafa. Mahali pengi ilibaki herufi s tu mwishoni: Rowlands, Williams, Roberts, Jones. Kwa hiyo jina la ukoo lisilobadilika si desturi ya kale ya wanadamu wote. Wawelisi waliletewa na karani.

John Rowlands alivuka bahari akafika New Orleans mwaka 1859. Tawasifu inasimulia kwamba mfanyabiashara wa pamba, Henry Hope Stanley, alimpenda kama mwanawe, akamnawisha kwa maji ya beseni, akamkabidhi jina lake. Ndizo kurasa zenye upendo mwingi kuliko zote katika kitabu kile. Jeal, aliyechimba nyaraka, anahoji kwamba hakukuwa na kuasiliwa kokote, na kwamba kijana alijipatia jina mwenyewe na kumtunga baba wa kuendana nalo. Mimi nakubaliana na Jeal, ila sioni sababu ya kumcheka Stanley kama wanavyofanya baadhi ya wahakiki. Mtu ambaye karani wa kanisa alimwandika bila baba, akiandika maisha yake mwenyewe, alianza kwa kujiandikia baba. Hata Morton ilikuja baadaye. Asiyekuwa na ubini aliutengeneza.

Kwa ufahamu huo, kitabu cha mwaka 1872 kinasomeka tofauti. Wengi wanakijua kwa salamu ya Ujiji, ambayo Jeal anatilia shaka kama iliwahi kutamkwa, kwa kuwa ukurasa wa siku hiyo katika shajara ya Stanley umechanwa. Mimi huwa nafungua sura zinazotangulia. Njia ya kawaida kutoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, hivyo msafara ukazunguka kusini, ukapita Ukonongo, kisha nchi ya Wabende ambayo yeye anaiita Ukawendi. Wakonongo wapo Inyonga hadi leo. Wabende wapo hadi leo. Hizo ni kurasa zetu, na ni kurasa nzuri kwa maana ya kwamba Stanley anaona: misitu ya miombo, wanyama, mito inayokauka, vijiji vilivyozungushiwa ngome za miti, njaa ya wapagazi, uasi wa msafara. Anapochoka kuwadharau watu, anawasikiliza vizuri kuliko wasafiri wengi wa enzi zake.

Kasoro yake kubwa iko kwenye majina, na inaumiza kwa sababu yeye ndiye alitakiwa kujua zaidi. Pale Tabora alipewa na Mwarabu mmoja mtoto mtumwa kutoka nchi ya Walunda, jina lake Ndugu Mali, ambalo Stanley analieleza kuwa ni mali ya ndugu yangu. Hakulipenda. Akawaita wakuu wa msafara wapendekeze jingine, yakatajwa mengi, mwishowe likapita Kalulu. Stanley anatuambia maana yake ni mtoto wa swala. Katika Kibemba na Chichewa, lugha za majirani wa nchi alikotoka mtoto yule, kalulu ni sungura, yule yule mjanja wa hadithi zetu. Ukurasa wote umeandikwa kwa furaha, kama mchezo wa jioni baada ya kazi. Hakuna sentensi inayouliza kama mtoto alikuwa na jina jingine kabla hajafanywa mali ya mtu. Mwandishi aliyejibatiza mwenyewe Marekani anambatiza mwingine Tabora, na haoni kwamba anashika beseni lile lile.

Kalulu alipita Ukonongo na Ubende akiwa na umri wa mtoto wa shule ya msingi. Baadaye alipelekwa Uingereza, akawekwa shuleni London, akahudhuria mazishi ya Livingstone mwaka 1874, na hata riwaya ikaandikwa na Stanley kwa jina lake. Machi 1877 alizama kwenye maporomoko ya mto Kongo, na Stanley akayaita maporomoko hayo Kalulu. Ndiyo nasaba yote aliyoachiwa: jina alilopewa jioni moja, kisha likapewa maji yaliyomuua.

Wa pili wa kumtazama ni kiongozi wa wapagazi, Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi Afrika akiwa na jina la mji alikopitia. Alikwisha kutembea na Burton na Speke kabla ya Stanley. Ukitaka jina lenye historia ya uhamaji ndani yake, Bombay linashinda Stanley kwa mbali: hilo halihitaji mtaalamu wa Kiingereza cha kale.

Wapagazi nao walikuwa na haki ya kubatiza. Mwaka 1879 Stanley alirudi Kongo kumtumikia mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka huo huo chama cha Leopold kilijenga kituo Karema, kwenye ufuko wetu wa ziwa Tanganyika. Wakati barabara inapasuliwa kuvuka miamba ya Kongo ya chini, watu wakamwita Bula Matari, Mvunja Mawe. Jina likahama tena: likawa jina la serikali yenyewe ya Kongo, ile ya kodi, mpira na viboko. Kwenye kaburi lake huko Pirbright, Surrey, limechongwa chini ya jina la Kiingereza. Naliona hilo la pili kuwa la kweli zaidi. La kwanza alijichagulia. La pili alipewa na waliomwona akifanya kazi.

Kwa nini yote haya yanihusu, zaidi ya kwamba nimezaliwa Mpanda? Kwa sababu beseni la kubatizia sasa liko ofisini. Mimi na kaka yangu ni wa baba mmoja na mama mmoja. Kwenye vyeti vyake jina la mwisho ni la baba, kwenye vyangu ni la babu, kwa kuwa walimu wawili tofauti walituandikisha. Nilipoomba nafasi ya shahada ya uzamili, ofisi moja ilirudisha fomu zangu ikitaka uthibitisho kwamba huyo anayenilipia ada ni ndugu yangu. Tulikula kiapo kwa wakili, tukagonga mihuri, tukalipia, na undugu wetu ukakubaliwa siku tatu kabla ya mwisho wa maombi.

Wenzangu wa Katumba na Mishamo wana mzigo mkubwa zaidi. Makazi hayo yalifunguliwa miaka ya 1970 kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na zaidi ya watu 162,000 wa makazi ya aina hiyo walipewa uraia wa Tanzania, vyeti vikianza kugawiwa mwaka 2014. Kwa Kirundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, mara nyingi ni sentensi nzima: Hakizimana, Mungu ndiye aponyaye, Nkurunziza, habari njema. Watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano ya mwisho. Kwa jirani yao hakuna utata. Kwa fomu yenye kisanduku cha jina la ukoo, hao ni watu watano wasiojuana.

Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, aliandika katika Purity and Exile, kilichotoka mwaka 1995, kwamba wa kambini walishikilia utambulisho wao kama taifa lililo uhamishoni, wakati wa mjini walichukua utambulisho wowote uliowawezesha kuishi bila kuulizwa. Nikisoma kuhusu hao wa Kigoma namkumbuka kijana wa New Orleans. Tofauti ni kwamba yeye, akiwa mweupe na akiandika kwa Kiingereza, aliitwa mvumbuzi. Mkimbizi akifanya hivyo hivyo huitwa mdanganyifu wa nyaraka.

Wahakiki wetu wamemjadili Stanley sana kama wakala wa ukoloni, na wako sahihi. Ningependa tumsome pia kama ushahidi upande wa utetezi. Mtu mwenye jina la Kiingereza mashuhuri kuliko yote katika historia ya njia zetu alikuwa mtoto wa mwana wa Rowland, aliyeokota ubini wa watu akautumia hadi ukazoeleka. Yeyote anayedai kwamba jina la mwisho lazima lithibitishe damu anamkana Stanley kwanza, kabla ya kumkana Hakizimana.

Na Neema Stanley wa Mpanda, bila kujua, amelirekebisha jina. Kwake Stanley ni baba, kama Rowland alivyokuwa baba wa mtu huko Wales kabla karani hajafika. Mwanawe atakuwa mtoto wa mwingine, na jina litafika mwisho wake kwa amani, kama ubini wowote.