Dakika kumi za kugombana mbele ya mshauri

Mke amekuja na orodha kichwani: siku ya kodi, siku ya mama mkwe, ile simu ya saa sita usiku. Mume amekunja mikono, anasubiri kusomewa mashtaka. Wamejiandaa kama wanaokwenda baraza la usuluhishi la kata, lile ambalo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 101, inataka lipitiwe kwanza kabla ya kudai talaka mahakamani. Mshauri wa ndoa haulizi nani alianza. Anauliza walikutanaje, anasikiliza kama bado wanachekea kitu kimoja, halafu anawaambia: chagueni jambo linalowagombanisha, mlizungumze dakika kumi. Anavuta kiti pembeni, kimya.

Kwa aliyelipia kikao, huo ni uvivu mtupu. Kumbe ndicho kipimo chenyewe, na kimetoka maabara. Huko Marekani, wanasaikolojia John Gottman na Robert Levenson waliwaketisha wanandoa uso kwa uso, wakawafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo na jasho, wakawarekodi wakibishana kwa dakika 15. Mwaka 1999 Gottman na Sybil Carrère walichapisha matokeo ya wanandoa wapya 124: dakika 3 za mwanzo tu zilionyesha tofauti kati ya waliokuja kuachana ndani ya miaka 6 na waliobaki pamoja.

Kilichopimwa ni namna ya kuanza. "Umeme umeisha tena, tufanyeje?" ni mlango. "Wewe umeme ukiisha haikuhusu" ni kofi, na jibu lake linajulikana kabla halijatoka. Mshauri anaangalia nani anasonya, nani anabetua mdomo, nani amegeukia dirishani. Huyo wa dirishani huonekana hajali, lakini mara nyingi moyo wake unakwenda mbio. Mapigo yakipita 100 kwa dakika, maneno hayamwingii tena. Ndiyo maana mshauri anaweza kusimamisha mazungumzo katikati, mtu apumzike dakika 20 hivi.

Wapo wanaonadi kwamba kwa njia hii talaka hutabiriwa kwa zaidi ya asilimia 90. Mimi sishawishiki. Hesabu nyingi za aina hiyo zilitengenezwa kwa wanandoa ambao mwisho wao ulikwishajulikana, na mwaka 2001 watafiti Richard Heyman na Amy Slep walionyesha jinsi usahihi unavyoshuka hesabu hiyohiyo ikijaribiwa kwa watu wengine. Mshauri anayekutabiria kuachika siku ya kwanza anapiga ramli.

Kikao cha pili kila mmoja huingia peke yake, na hapa wengi huteleza. Wanadhani ni nafasi ya kumvuta mshauri upande wao. Yeye anatafuta mengine: je, kuna kipigo nyumbani? Kuna mtu wa pembeni? Bado unaitaka ndoa hii? Kama mmoja anamwogopa mwenzake, kuwaketisha pamoja kunaweza kumponza, na kazi hubadilika kabisa. Uliza mapema siri zako zitawekwaje, maana washauri wengine husema wazi kwamba hawatamficha mwenzako.

Cha tatu ni cha majibu: niliyoyaona ni haya, ninapendekeza tuanzie hapa, mnakubali? Orodha ya mke bado haijaguswa. Siku ya kodi itafunguliwa kikao cha nne, naye ataombwa aianze upya, safari hii bila neno "wewe".