Misaeng: Mawe Yasiyo Hai Wala Mafu

Nimemaliza vipindi vyote 20 vya Misaeng, tamthilia ya Korea Kusini ya 2014 iliyotokana na katuni za Yoon Tae-ho, na bosi anayenikera zaidi ni yule mwema.

Jang Geu-rae alitaka kuwa mchezaji wa kulipwa wa baduk, akashindwa. Anaingia kampuni kubwa ya biashara jijini Seoul kwa kujuana, digrii hana, kisha anapewa mkataba wa miaka miwili tu. Kwenye baduk, misaeng ni mawe ambayo hayajawa hai wala hayajafa. Ndivyo alivyo kijana huyu ofisini: anachapa kazi, anafaulu, lakini ajira ya kudumu hapewi.

Hapo tamthilia inasema kweli. Hata Ahn Young-yi, hodari kuliko wenzake, anatumwatumwa kwa sababu ni mwanamke.

Ila mwisho, jamani! Bosi Oh, aliyekwisha kuacha kazi, anamchukua Geu-rae kwenye kampuni yake mpya. Nilifurahi, ndiyo. Lakini wale wa mikataba mifupi wasio na Oh wao waende wapi? Swali la mfumo limejibiwa kwa fadhila za mtu mmoja. Itazameni hata hivyo, hasa ninyi wa mkataba.