Kikombe Kikubwa, Mizani Mwishoni: Duka la Yogati ya Kugandishwa Lilivyopangwa

Wafanyakazi watano wa ofisi moja wakiingia kwenye duka la yogati ya kugandishwa saa ya mapumziko, hakuna anayewauliza wanataka nini. Kila mmoja anachukua kikombe, anavuta mkono wa mashine anayoipenda, anapita kwenye meza ya matunda na karanga, kisha anaweka kikombe chake juu ya mizani. Hapo ndipo bei inapojulikana. Utaratibu huu ulisambazwa na maduka kama Yogurtland, lililoanzia Fullerton, California, mwaka 2006, na jijini Nairobi umefuatwa na Planet Yogurt. Kwa macho ni mchezo wa kujihudumia. Ndani yake kuna kazi kubwa ya upangaji, na sehemu ya kazi hiyo anaifanya mnunuzi mwenyewe bila kuhisi mzigo.

Msingi wa yote ni ladha. Miaka ya 1980, kampuni ya TCBY, iliyoanzishwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1981, iliuza yogati tamu iliyokaribia sana aiskrimu. Januari 2005, Shelly Hwang na Young Lee walifungua Pinkberry huko West Hollywood wakashika njia nyingine: ladha mbili tu, ya kawaida na ya chai ya kijani, zote zikiwa na uchachu ambao mnywaji wa mtindi angeutambua mara moja. Red Mango ilikuwa imetangulia na ladha ya namna hiyo Korea Kusini. Uamuzi huo ulibadilisha kila kilichowekwa juu ya kikombe. Juu ya kitu kitamu, embe na stroberi hupotea. Juu ya kitu kichachu, kila tunda linasikika, na mteja anapata sababu ya kuongeza.

Uchachu huo hutoka kwa bakteria, hasa Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Baridi huwalaza wengi wao bila kuwaua. Lakini si kila kinachouzwa kwa jina la yogati kina bakteria wa kutosha, na mwaka 2007 Pinkberry ilishtakiwa California kwa madai ya aina hiyo. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata. Nembo iliyoanzishwa na chama cha watengenezaji wa yogati cha Marekani hudai angalau bakteria milioni 10 kwa kila gramu ya yogati ya kugandishwa inapotengenezwa. Kipimo hicho ni muhimu, kwa kuwa sifa ya kuwa chakula cha afya ndiyo inayowafanya wafanyakazi wengi wapite hapo baada ya chakula cha mchana bila kujilaumu.

Kisha mashine. Mchanganyiko wa maji maji hukaa juu, kwenye tangi lenye ubaridi wa friji, na kushuka kidogo kidogo ndani ya silinda ya baridi kali. Visu vinavyozunguka hukwangua chenga za barafu ukutani kabla hazijakua, huku vikiingiza hewa. Sukari huzuia sehemu ya maji kuganda, ndiyo maana yogati hutoka laini ikiwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Mashine nyingi zina mikono mitatu: miwili ya ladha mbili, na wa katikati unaozichanganya. Tangi mbili, chaguo tatu.

Sasa mizani. Muuzaji anayeuza kwa ujazo hufaidika na hewa, kwa sababu hewa hujaza kikombe bila gharama. Anayeuza kwa uzito hana faida hiyo. Badala yake hutoza bei moja kwa kila aunsi, yaani gramu 28 hivi, iwe ni yogati, lozi au vipande vya tikiti. Lozi ni ghali kununua lakini nyepesi. Tikiti limejaa maji, na maji yana uzito. Mwenye duka huacha vitu hivyo vifidiane. Vikombe navyo huwa vikubwa, hivyo kiasi cha kumtosha mtu huonekana kidogo kikiwa ndani yake.

Kwa kundi la kazini, mpango huu unaondoa usumbufu wa kugawana bili: kila kikombe kina bei yake. Anayekula kidogo hamlipii anayejaza hadi ukingoni. Aliyejitolea kuwalipia wenzake ndiye asiyejua atatoa kiasi gani mpaka kikombe cha mwisho kipimwe.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba huigwa kirahisi. Mashine hununuliwa, mchanganyiko huagizwa, na mhudumu hahitaji mafunzo marefu, hivyo maduka yalifunguliwa yakikaribiana na mengi yakafungwa. Pinkberry yenyewe iliuzwa kwa Kahala Brands mwaka 2015. Pigo zito zaidi lilikuja mwaka 2020, pale kanuni za kuzuia UVIKO-19 zilipokataza wateja kushika mikono ya mashine na vijiko vya pamoja. Maduka mengi yalilazimika kuweka wahudumu wa kuvuta, kuchota na kukabidhi, na gharama ya kazi ambayo wateja walikuwa wakiifanya kwa hiari ikarudi kwa mwenye duka.