Shaba Inayokataa Kuzama

Mlima mweusi unaoonekana Lubumbashi, nchini Kongo, kando ya bomba refu la moshi ni slagi, yaani taka iliyoyeyuka na kumwagwa pembeni tangu kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanza kuyeyusha shaba hapo mwaka 1911. Lakini si taka tupu. Ndani yake mna shaba, zinki na kobalti ya kiasi cha asilimia 2. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni za Gécamines na OM Group, pamoja na zile za mfanyabiashara George Forrest, ziliwasha tanuru la umeme ili kuurejea mlima huo. Kwa nini shaba na kobalti hiyo ilibaki juu, ndani ya slagi, wakati ilipaswa kuzama?

Katika tanuru la kawaida la shaba, kwenye joto la nyuzi 1,200 hadi 1,300 za Selsiasi, mzigo hujigawa matabaka mawili. Juu hukaa slagi, ambayo ni oksidi ya chuma iliyoungana na silika. Chini hukaa mati, mchanganyiko wa shaba, chuma na salfa. Mati ni nzito zaidi, hivyo vitone vyake hushuka, na kasi yao hufuata kanuni aliyoitoa George Stokes mwaka 1851: kipenyo kikipungua mara kumi, kasi hupungua mara mia.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Tuchukue slagi yenye mnato wa wastani na kina cha mita 1. Kitone cha milimita 1 hufika chini kwa takriban dakika 2. Cha sehemu ya kumi ya milimita huchukua zaidi ya saa 3. Cha sehemu ya mia huhitaji kama wiki mbili, na hakuna tanuru linalosubiri hivyo.

Hata kitone kikubwa huweza kuzuiliwa. Oksijeni ikizidi, sehemu ya chuma hugeuka magnetaiti, chembe ngumu zinazoifanya slagi iwe nzito kumiminika. Vitone hunasa kwenye chembe hizo na kuning'inia nazo. Mapovu ya dioksidi ya salfa nayo, yakipanda kutoka kwenye mati, huinua utando wake na kuutawanya juu.

Hasara ya pili haina vitone kabisa. Shaba iliyokwisha kushikwa na oksijeni huyeyuka ndani ya slagi na kuwa sehemu yake. Kadiri fundi anavyotaka mati yenye shaba nyingi ndivyo anavyopuliza oksijeni zaidi, na ndivyo hasara hii inavyokua. Kusubiri hakuirudishi, maana hakuna cha kuzama.

Tofauti kati ya hasara hizi mbili ndiyo inayoeleza uamuzi wa kutumia tanuru la umeme Lubumbashi. Kobalti hupenda oksijeni kuliko shaba inavyoipenda, kwa hiyo nyingi ilikuwa imefungwa ndani ya slagi kama oksidi. Kuiyeyusha tena na kuiacha itulie kusingetosha. Ilibidi kaboni ya makaa ya koki iinyang'anye oksijeni, na ikapatikana aloi ya kobalti, shaba na chuma iliyosafirishwa hadi Kokkola, Finland, kusafishwa. Ng'ambo ya mpaka, Chambishi nchini Zambia, slagi kutoka Nkana ilishughulikiwa kwa mantiki hiyohiyo. Gharama yake ni umeme mwingi, tena koki ikizidi, chuma nacho hushuka kwa wingi na kuchafua aloi.

Pale tatizo linapokuwa vitone vya mati, kuna njia nyingine: kuipoza slagi polepole ili chembe za shaba zikue, kuisaga, kisha kuzitenga kwa povu majini. Kwa shaba njia hii hufanya kazi nzuri. Kwa kobalti iliyofungwa kwenye oksidi haifai.

Kiwango kimoja cha maabara, basi, hakitoshi kuamua. Kila tani 1 ya shaba ikitoka na tani 2 za slagi yenye shaba asilimia 1, zinapotea kilo 20. Maabara itakupa kilo hizo bila kukuambia zimejificha wapi. Kipande cha slagi kilichosuguliwa na kutazamwa kwa hadubini kitakuambia, na ni rahisi zaidi kuliko tanuru lililojengwa kutibu hasara isiyokuwepo.