Kanga Iliyokatwa Jina

Mbunifu wa mavazi wa Dar es Salaam akiulizwa ilhamu yake ameitoa wapi, aghalabu hujibu kwa neno moja: kanga. Jibu hilo limekuwa jepesi mno mdomoni, na makala haya yanakusudia kulidadisi. Kuitaja kanga ni jambo moja, kuisoma ni jambo jingine. Na baadhi ya kazi zinazotundikwa leo katika maduka ya mitindo, kuanzia Msasani hadi Shangani, ni kazi za watu walioiona kanga wasiisome.

Wapenzi wa ushairi hawana haja ya kufundishwa umbile la kanga, ila tulikumbushe kwa ajili ya hoja. Kipande kina urefu wa kiasi cha mita 1.5 na upana wa mita 1 na ushei. Huuzwa viwili viwili, doti. Pembezoni pana pindo, katikati pana mji, na upande wa chini, juu kidogo ya pindo, pana jina. Mambo hayo matatu ndiyo mifupa yake. Mengine yote, rangi, maua, korosho, nukta, huenda yakabadilika kila msimu. Mshairi ataitambua hali hii mara moja. Sisi tuna shairi la mishororo 4, mizani 16, kina cha kati na kina cha mwisho, na sijamsikia mtunzi wa maana akilalamika kwamba mipaka hiyo imemfukuzia ilhamu. Anayelalamika mara nyingi hakuwa na la kusema tangu mwanzo.

Tulichukue jina moja mashuhuri: *Japo sipati tamaa sikati*. Ni maneno manne tu. Upande wa kwanza una mizani 5, upande wa pili una mizani 6, na *sipati* imekutana na *sikati* kwa kina kilicho wazi masikioni. Ile mizani moja iliyozidi upande wa pili imekaa ndani ya neno *tamaa*, nalo ndilo neno linalovutwa, lisilotaka kwisha. Fani imeyabeba maudhui. Huenda aliyelitunga hakuhesabu. Sikio lake lilimhesabia. Kisha likachapwa mahali ambapo mwanamke akijifunga kanga yake, jina humkaa nyuma, likasomwa na yule anayemfuata njiani, ambaye pengine ndiye aliyekusudiwa. Basi mchoro, maneno na mwili wa mvaaji ni kazi moja.

Na ilhamu ya kazi hiyo ilikuwa ya nani? Hapa historia yatusaidia kuivunja dhana ya fundi anayekaa peke yake akingoja wazo limshukie. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi yasema kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso zilizokuja zimechapwa katika gora moja, wakakata sita, wakaziunga tatu kwa tatu, wakapata vazi. Wafanyabiashara wakaliona, wakaagiza kitambaa kizima chenye sura hiyo. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja, wengi waliokuwa wamevishwa kaniki na merikani waliivaa kanga kama tangazo la uungwana wao. Wachapaji wa Helmond, huko Uholanzi, waliichora kwa maagizo yaliyotoka kwetu. Jina lilifika kwa hati za Kiarabu, nao wakalichapa bila ya kulielewa. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak likajulikana kwa alama yake ya *Mali ya Abdulla*. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa Ubungo, na baadaye Mbagala, katika Temeke, nayo ikawa na mitambo ya kuchapa kanga. Katika mlolongo wote huo, mwenye duka alikuwa akisikiliza kinachosemwa uani na ngomani, akakipeleka kwa mchoraji. Mbunifu wa kanga hakuwa mtu mmoja. Alikuwa mazungumzo.

Tunaongeza kwamba mipaka ya kanga si ya ajabu katika jiji hilo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora kiasi cha mwaka 1968 na kuuza kazi zake Oysterbay hadi kifo chake mwaka 1972, alianza na ubao wa mraba wa dari na rangi ya kupakia vyombo na baiskeli. Mnyama mmoja alilazimika kuujaza ubao wote, mkia ukajikunja kwa kukosa nafasi. Waliomfuata wengi wameurithi mkia uliojikunja. Wachache wameurithi ubao uliomkunjisha.

Sasa tufike Wazo. Ni kata ya Kinondoni, kaskazini mwa jiji, inayojulikana kwa kilima chake na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1966. (Jina la mahali lingemvutia mwandishi wa makala kuhusu ilhamu, tutajizuia.) Hapo, mbali na maonyesho ya mitindo ya mjini, nilipata kuzitazama kazi za mbunifu kijana mwenye cherehani mbili na meza ya kukatia. Mkono wake ni mzuri. Mishono imenyooka, rangi zinapatana. Lakini gauni lake la kwanza, ambalo yeye mwenyewe aliliona ndilo bora, lilishonwa kwa kanga ile ile tuliyoichambua hapo juu. Jina lilikuwa limepandishwa kifuani, na mkasi ulikuwa umekata ncha zote mbili ili kuupata mkato wa kwapa. Kilichobaki kilisomeka hivi: SIPATI TAMAA.

Ndiyo hatari ninayoizungumzia. Mwanamke aliyesema kuwa hakati tamaa ametolewa barabarani akisema kuwa hana tamaa. Herufi zimekuwa mapambo, kama maua ya pindo, na maana imegeuka bila ya mtu kushtuka. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu, "Yale maandishi yananiharibia mshono, mzee wangu." Jibu hilo silidharau. Ni jibu la fundi, na linaonyesha mahali hasa penye ugomvi: kwake jina limekuwa kizuizi cha mshono, wala si sehemu ya kitambaa.

Wapo watakaosema dawa ni kutoikata kanga kabisa. Siungani nao. Kanga yenyewe, kama tulivyoona, ni mtoto wa mkasi na sindano; waliozikata zile leso sita hawakuomba ruhusa kwa aliyezichapa. Anayetaka kanga ibaki doti milele anataka jumba la makumbusho. Tofauti ni kwamba waliokata zile leso walijua wanatafuta nini, na walichokiunda kikapata mahali pa kusema zaidi kuliko kile walichokikata. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, nacho ndicho tunachokitumia kwa mshairi anayeiacha mizani: je, amepata kitu badala yake?

Katika duka lile lile lilitundikwa gauni la pili, ambalo mwenyewe alilionyesha kwa kusitasita, kwa kuwa halikuwa wazo lake. Mama mmoja kutoka Mbagala alileta doti yake mwenyewe kwa ajili ya kumfunda bintiye, yenye jina *Wema hauozi*, akatoa sharti moja: kata utakapo, ila jina lisomeke lote, na likae nyuma. Sharti hilo lilimtesa binti wa watu siku mbili. Zipu ya mgongoni, anayoitia katika kila gauni, ingeligawa jina, basi ikahamia ubavuni. Mshono wa kati ukaondoka, mgongo ukawa kipande kimoja kizima kutoka bega hadi pindo, na kwa kuwa hapakuwa na mshono wa kulibana, gauni likaachia kuanzia kiunoni, likashuka kwa mkunjo mpana ambao sikuuona katika kazi yake nyingine yoyote. Mji ukakaa baina ya mabega, pindo likawa upindo wa gauni, na jina likatulia juu ya magoti, pale pale ambapo mama zake wangelikuwa nalo.